Rajabu Hufa Kila Jumapili

Nasma alikuwa punda muda mrefu kabla hajapata cheo cha muziki, na ndiyo maana alikishika cheo kile kama mtu aliyedandia lori linaloondoka.

Upunda wenyewe ulikuwa hivi. Kila Jumapili mchana, pale mtaa wa Kikuyu, nyumbani kwa Bi Stara, walikutana watu watano kucheza msafara. Mchezo waliutunga wenyewe. Dodoma ya miaka ile, Bunge likishaondoka, mji ulibaki na vumbi na makarani, na karani asiye na shughuli Jumapili anaweza kufanya jambo lolote. Ulimboka, karani wa masjala aliyehamishwa kutoka Tukuyu, alianza kwa kuja kucheza ludo na Rajabu, mtoto wa Bi Stara. Kete za ludo zikapotea moja moja hadi ikabaki dadu peke yake. Basi Rajabu, ambaye babu wa babu yake alifika na msafara wa pembe kutokea Bagamoyo, akaanza kumweleza jinsi wazee wale walivyovuka nchi ya ukame, wakiombwa vitambaa na shanga kila walipotaka kunywa maji. Ulimboka akamsikiliza, halafu akasema, "Bwana, usinieleze. Twende."

Wakaenda, wamekaa pale pale kwenye mkeka.

Ulimboka akawa msimulizi. Yeye ndiye alisema hapa kuna pori, hapa kuna kisima, hapa kuna simba, na wengine wakasema wanafanya nini, na dadu ikaamua kama simba amekula au amepita zake. Rajabu alikuwa mkuu wa msafara. Evodia, muuguzi wa hospitali, alikuwa mtoza ushuru wa mtemi, na alikaa kwenye kila kisima akiwa na uso ule ule anaokupokelea nao ukienda kuchomwa sindano. Thomas, mhasibu, alikuwa mlinzi mwenye bunduki. Kila mtu alibaki na jina lake la kweli, kwa sababu walipojaribu majina ya kubuni, Rajabu aliyasahau yote, la kwake likiwa la kwanza.

Nasma alikuja mwisho, akakuta nafasi zote zimekwisha isipokuwa ya punda. Punda anafungwa mto wa kulalia mgongoni, anauzunguka mkeka kwa magoti kila msafara unapohama, na hasemi. Akiulizwa jambo anatikisa kichwa. Sasa Nasma alikuwa na meza ya khanga na vitenge pale soko la Majengo, na alishazoea kusema tangu jua linachomoza. Kumnyamazisha Jumapili nzima huku Rajabu akimpigapiga mgongoni na kumwambia "songa, mama, songa" ilikuwa adhabu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu anakwenda Dubai na kurudi, na kaka yake Nasma akarudi na redio kaseti nyeusi yenye spika kubwa. Jumapili iliyofuata Nasma aliingia na redio kifuani kama mtu anayebeba mtoto aliyepona.

"Huu msafara wenu ni mkavu," akasema. "Simba anakuja hakuna hata ngoma. Mimi nitaweka muziki."

"Na punda je?" akauliza Thomas.

"Punda amekufa. Ameliwa na simba wenu asiye na ngoma."

Na kweli ilikuwa tofauti. Siku ile Ulimboka aliposema jua linazama porini, Nasma akabonyeza kitufe, zikatoka filimbi, na wote wakanyamaza, hata Bi Stara kule uani akaacha kutwanga. Nasma alilihisi jambo lile mpaka kwenye vidole: kwamba amebonyeza kitu na chumba kimegeuka pori. Hakutaka tena kazi nyingine ya Jumapili maishani mwake.

Tatizo lilikuwa ni kuchagua. Redio alikuwa nayo, lakini kanda alikuwa nazo chache, nyingi za harusi. Tembo walipovamia kambi, Nasma aliweka taarabu. Ulimboka akajitahidi kusimulia tembo wanavyong'oa miti, na nyuma yake mwanamama anamlalamikia mpenzi wake. Tembo wakaonekana kama wamekuja kumaliza ugomvi wa nyumbani. Wiki ya ukame, msafara unakufa kwa kiu, aliweka muziki wa dansi, na Rajabu, ambaye kwa mujibu wa dadu alikuwa anakata roho, aliinuka akacheza hadi kibwagizo kilipokwisha, kisha akarudi kulala na kuendelea kukata roho. Majambazi nao aliwapokea kwa kwaya ya kumtoa bibi harusi.

"Dada Nasma," akasema Ulimboka siku hiyo ya majambazi, kwa upole, kwa sababu alikuwa mtu mpole. "Watu wanaibiwa, wewe unawapigia vigelegele."

Thomas alikuwa akiisubiri saa hiyo. Yeye alishanunua redio ya deki mbili, yenye taa zinazopanda na kushuka. Akasema kwa sauti ya kikao, "Mimi napendekeza muziki uendeshwe na mtu mwenye vifaa. Na msafara hauna punda. Mizigo inabebwa na nani?"

Wote wakamtazama Nasma. Nasma akautazama mto.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Ulimboka akatoa hukumu. Jumapili ijayo mkuu wa msafara atakufa kifo kikubwa, si vile vifo vyake vya kawaida. Thomas ataweka muziki wake, Nasma ataweka wake. Atakayemtoa Evodia chozi ndiye mwenye muziki. Atakayeshindwa ni punda.

"Evodia?" akasema Rajabu. "Huyu alimzika jogoo wake bila kukunja uso."

"Jogoo alikuwa mzee," akasema Evodia.

"Mimi nakubali," akasema Nasma. Evodia alikuwa amefumba macho ya watu wengi kule wodini. Si mtu wa kulia ovyo.

Wiki ile Nasma hakuuza vizuri. Mteja anauliza bei ya doti, yeye anajiuliza ni kitu gani kinachoweza kumliza muuguzi. Akajaribu kanda zote za jirani yake sokoni. Hakuna. Wimbo wa mapenzi unamliza aliyeachwa tu, na Evodia hakuwa ameachwa na mtu. Alikuwa na mume Mpwapwa na walipendana kwa kupeana taarifa.

Ikafika alasiri, saa ya matangazo ya vifo redioni. Ule muziki wa taratibu ukaanza, unaotangulia kabla mtangazaji hajasoma majina. Na Nasma, badala ya kusikiliza, siku hiyo alitazama. Muuza karanga alikuwa anapima, mkono wake ukabaki hewani na kikombe. Mama wa nyanya akaacha kugombana na mama wa vitunguu, na ugomvi wao ulikuwa wa tangu asubuhi. Fundi baiskeli akavua kofia, akaishika, akasubiri kusikia kama ni wa kwao. Soko zima limesimama na hakuna aliyelisimamisha. Yalipokwisha majina, kikombe kikashuka na ugomvi ukaendelea pale pale ulipoachwa.

"Nimepata," akasema Nasma peke yake.

Kesho yake akaja sokoni na redio na kanda tupu. Muziki ulipoanza akabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, na mtangazaji alipovuta pumzi tu akazima, kwa sababu majina ya marehemu wa watu si vitu vya kuchezea, hilo alilijua. Lakini muziki wenyewe ulikuwa mfupi, na kifo cha Rajabu kwa kawaida kilikuwa kirefu. Basi akarekodi tena siku iliyofuata, na inayofuata, akiunganisha kipande kwa kipande, akirudisha kanda kwa kalamu ili kuokoa betri, mpaka akapata muziki wa msiba unaokwenda na kwenda bila mtu kusema aliyekufa ni nani.

Hakufikiri kwamba hapo ndipo penye mambo. Ule muziki redioni huwa kidogo tu, kisha majina. Ukiwa mrefu, kila mtu nchini anajua maana yake: aliyekufa si mtu mdogo.

Jumapili ikafika. Bi Stara alikuwa kwa jirani, nyumba ya tatu, yeye na wenzake wanamfundisha bi harusi mmoja mambo yake. Umeme ulikuwa umekatika, lakini Thomas na Nasma wote wawili walikuja na betri. Za Nasma alikuwa amezianika juu ya bati tangu asubuhi zikapata nguvu mpya.

Rajabu akajilaza katikati ya mkeka. Alishazoea kufa, alijua pa kuweka mikono. Ulimboka akamfunika shuka jeupe mpaka kidevuni na kukumbusha kanuni, kwa sababu Rajabu alikuwa na tabia ya kuchangia mazungumzo baada ya kufa: maiti akisema neno au akisogea kabla msimulizi hajasema mwisho, mzigo wake wote wa pembe na shanga unagawiwa kwa wengine.

"Pembe zangu haziguswi," akasema Rajabu. "Leo mtanitambua."

Thomas akaanza. Akawasha taa zake zinazopanda na kushuka, ukatoka muziki wa kizungu wa saksafoni, laini, unateleza. Ulimboka akasimulia homa ilivyomshika mkuu wa msafara, na jinsi wapagazi walivyomlaza kivulini. Saksafoni ikateleza. Evodia akakaa vile vile. Muziki ulipokwisha wakamwangalia.

"Vipi, sista?" akauliza Thomas.

"Kama niko benki," akasema Evodia. "Nasubiri kuitwa jina."

Rajabu akacheka puani, akaambiwa hajafa rasmi, anasamehewa.

Ikawa zamu ya Nasma. Hapo akapata wazo jingine, na mawazo ya pili ndiyo yaliyokuwa yakimponza siku zote. Aliona msiba usitoke pale pale miguuni mwa watu, utoke mbali, kama habari inavyokuja kutoka njia ya jangwani. Akaiweka redio dirishani, spika zikitazama nje, ili sauti ipige ukuta wa jirani na kurudi. Akafungua hadi mwisho. Akabonyeza.

Chumba kikafa ganzi. Thomas akazima taa zake bila kuambiwa. Sauti ya Ulimboka ilitoka nzito, ya chini, na kwa kuwa muziki ulikuwa mkubwa ikabidi aipandishe.

"Ndugu zangu," akasema. "Rajabu bin Mustapha hatunaye tena."

Akafunika uso wa Rajabu kwa shuka.

Sasa twende nje kidogo. Mzee Khamisi alikuwa kwenye duka lake ng'ambo ya barabara. Aliposikia muziki akavua miwani na kusubiri majina. Majina hayakuja. Muziki ukaendelea. Akasema moyoni, basi ni mkubwa huyu. Akafungua redio yake mwenyewe apate habari kamili, akakuta mpira. Akaizima, akaifungua tena. Bado mpira, na kona inapigwa. Mzee Khamisi akatafakari. Kama redio ya taifa inatangaza mpira, na muziki wa vifo unatoka dirishani kwa Bi Stara, basi msiba si wa taifa. Ni wa Bi Stara. Na wakati anatafakari hivyo ndipo iliposikika ile sauti nzito ikimtaja Rajabu kwa jina na la baba yake.

Akafunga duka.

Kikuyu ile haikuwa na haja ya simu. Kabla kipande cha pili cha kanda hakijaisha, mtu alishachukua mkeka, mwingine sufuria, mwingine unga. Mama Ruthu wa nyumba ya pili, mlokole, alikuja na kuni kichwani na khanga kiunoni, tayari kwa kazi. Wanaume wakaanza kupanga mabenchi barabarani. Haya yote yalifanyika kimya kimya, kwa adabu, kama yanavyofanyika siku zote, na ndiyo maana mle ndani hawakujua kitu hadi mlango ulipofunguliwa na Mzee Khamisi akaingia, kofia mkononi, nyuma yake watu.

Akaona mkeka. Akaona shuka jeupe na umbo chini yake. Akaona Evodia, ambaye mtaa mzima ulijua ni muuguzi, amepiga magoti ubavuni.

"Innalillahi," akasema Mzee Khamisi. "Saa ngapi, binti yangu?"

Evodia, kwa mazoea ya wodini, akatazama saa yake ya mkononi.

"Shikamoo, mzee," akasema Ulimboka.

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Alikuwa anaumwa?"

"Homa," akasema Ulimboka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amesimulia, na akili yake ilikuwa bado njiani na msafara.

Nasma aliruka kwenda kuzima redio. Akakosea kitufe, muziki ukaenda mbele kwa kasi, ukalia kama kifaranga, kisha ukarudi kwenye mwendo wake, mzito kuliko mwanzo. Pale mlangoni Mama Ruthu akaangusha kuni na kutoa kilio kilichosikika mpaka kwenye njia ya reli.

"Rajabu jamani. Kijana wa watu. Hana neno na mtu."

"Hakuwa na neno na mtu," akakubali Mzee Khamisi. "Mvivu kidogo."

Shuka likatikisika.

"Lakini uvivu si dhambi," akaendelea Mzee Khamisi, aliyekuwa akitazama dari. "Sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya, lakini aliimba kwa moyo."

"Rajabu," akanong'ona Nasma kwenye shuka. "Amka, wewe. Watu wameingia."

Rajabu hakuamka. Alikuwa na pembe kumi na mizigo ya shanga, na Ulimboka hakuwa amesema mwisho. Isitoshe alikuwa anataka kusikia yaliyobaki.

"Ulimboka, sema mwisho," Nasma akasihi.

Ulimboka alikuwa ameshikwa mikono yote miwili na watu wanaompa pole.

Ndipo Bi Stara akaingia. Njia nzima watu walikuwa wamempisha na kuinamisha vichwa, mwanamke mmoja amemshika mkono wa kulia na mwingine wa kushoto ili asianguke, naye hakuonyesha dalili yoyote ya kuanguka. Akasimama juu ya mkeka. Akalitazama shuka, shuka lake la wageni. Akamtazama Ulimboka, akamtazama Thomas na redio yake, akamtazama Nasma na ya kwake. Akasikiliza muziki kidogo, kichwa upande.

"Mwanangu hufa kila Jumapili," akawaambia watu. "Leo wamepata muziki tu."

Akainama, akafunua upande wa miguu, akamtekenya Rajabu unyayoni.

Rajabu akaruka na shuka lake lote, akipiga kelele kwamba hajasema neno, hajasema neno, pembe ni zake. Mama Ruthu akarudi nyuma, akaketi juu ya unga. Wanaume wawili wa mlangoni wakajikuta barabarani bila kukumbuka wamefikaje. Mzee Khamisi peke yake hakusogea. Alivaa miwani, akamtazama marehemu juu hadi chini.

"Mvivu," akasema. "Sifuti."

Na hapo kikasikika kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Evodia alikuwa analia. Mwanzoni walidhani amepata mshtuko. Mabega yanapanda na kushuka, machozi yanamchuruzika mashavuni hadi kwenye khanga, anajaribu kusema na anashindwa, anaonyesha kidole kwa Mama Ruthu na ule unga, anashindwa tena.

"Analia," akasema Nasma. "Mmeona. Analia."

"Anacheka," akasema Thomas. "Hayo ni machozi ya kucheka. Hayahesabiwi."

"Nani alisema ya kucheka hayahesabiwi?"

"Jambo linaeleweka. Kifo kilikuwa cha huzuni."

"Chozi, Ulimboka alisema chozi. Mguse shavu uone kama ni kavu."

Bi Stara akapiga kofi moja, wakanyamaza wote, na Nasma akazima redio, safari hii kitufe chenyewe.

"Nyie watu wazima," akasema Bi Stara. "Mmewafungisha wenzenu maduka. Nasma, nipe hiyo kanda."

Nasma akaitoa. Alijua sasa hivi anaambiwa achukue na redio yake aende, na kwamba hata upunda atausikia kwa watu.

"Hii naiweka kabatini," akasema Bi Stara. "Muziki huu una wenyewe. Siku ya mtu kufa kweli, watu wakiusikia wakasema ni wale wa msafara, nani atakuja?"

"Nisamehe, mama," akasema Nasma, na alimaanisha.

"Nimekusamehe. Mama Ruthu inuka, uombwe radhi nawe." Akaombwa radhi, akapanguswa unga. Bi Stara akamgeukia Evodia, aliyekuwa akijifuta kwa ncha ya khanga. "Na wewe. Ulikuwa unacheka au unalia?"

Evodia akafikiri. Alikuwa mtu wa kutoa taarifa sahihi.

"Ulipoanza muziki nililia kidogo," akasema. "Kabla hawajaingia. Niligeuka ukutani. Haya mengine ni ya kucheka."

Thomas akakaa juu ya redio yake.

Sasa watu walikuwa wameshaleta unga, sufuria na kuni, na hakuna mwenye akili anayerudi na kuni nyumbani. Ukapikwa ugali, na mlenda, wakala walio kwenye mabenchi na walio ndani. Waliokasirika walikasirika huku wakinawa mikono. Mzee Khamisi alikula taratibu, kisha akamvuta Ulimboka kando.

"Huyo mkuu amekufa," akasema. "Mizigo je? Msafara ulifika?"

"Bado, mzee. Wako kwenye kisima."

"Kisima gani?"

Jumapili iliyofuata Mzee Khamisi alikuja mapema akiwa na kiti chake mwenyewe. Alikuwa amepewa cheo cha mtemi, akawatoza ushuru mara mbili ya Evodia. Rajabu alifufuliwa kwa dadu. Thomas alifungwa mto mgongoni na Bi Stara mwenyewe, fundo la nguvu, akapiga magoti na kuanza kuuzunguka mkeka bila kusema neno.

Nasma aliketi pembeni na redio, spika zikitazama ndani. Alikuwa amewaza wiki nzima muziki wa punda. Akabonyeza, ikatoka saksafoni ya Thomas, laini, inateleza. Punda akasimama, akamtazama kwa uchungu, akatikisa kichwa.

"Hapo sasa," akasema Evodia. "Hapo imekaa."

"Songa, baba," akasema Rajabu. "Songa."